Nzuri, Ila

Mtu wa kwetu ukimuuliza habari atakwambia nzuri. Awe ametoka kuzika, awe ameibiwa, awe anaumwa jino mpaka shavu limevimba, atakwambia nzuri kwanza. Habari za nyumbani? Nzuri, ila mtoto amelazwa. Habari za shamba? Nzuri, ila nguruwe wamemaliza muhogo wote. Tuliozaliwa huku tunajua kwamba ile nzuri ni hodi tu, habari yenyewe inakaa nyuma ya ila. Hatufundishwi na mtu. Tunakua nayo.

Nayasema haya kwa sababu kiwanda chetu cha korosho kiliuawa na neno hilo, na dada yangu alikuwa ndani yake. Wapo watakaokwambia kiliuawa na bei, wengine watasema uvivu wa watu wa Kusini. Uvivu! Waje waniambie mimi usoni. Nilikuwa mtunza stoo pale Mtwara, spea zote zilipita mikononi mwangu, na kila Jumatatu nilikuwa nimekaa mezani neno hilo likisemwa. Nina hasira, sifichi. Mume wangu huniambia hasira hazijengi nyumba, nami humjibu kwamba upole nao tumekiona ulichojenga.

Nianze na dada, maana bila yeye hadithi hii ningeiachia watu wa vitabu vya uchumi. Ni dada yangu wa tumbo moja, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Aliolewa Kitaya, kule mtoni, na mwanamume ambaye kwao ni ng'ambo, Msumbiji. Watu wa pale wana ndugu huku na huku na mashamba huku na huku, mto kwao ni njia ya kupita. Mambo ya mpakani yalipochafuka, shemeji alivuka Ruvuma kwenda kuvuna mpunga wake asije akauacha ukaoza. Hakurudi. Hakuna aliyeleta maiti, hakuna aliyeleta salamu. Dada hata eda hakukaa, maana nani angemwambia kwamba sasa ni mjane? Kisha ikaja siku wenye bunduki wakavuka mto, kijiji kizima kikakimbia, naye akakimbia na kanga aliyojifunga. Alipofika kwangu mjini hakulia. Alikunywa maji, akaweka kikombe chini, akasema, "Mdogo wangu, popote nitakaa. Ila Kitaya sirudi."

Nikamtafutia kazi kiwandani kwetu, kwenye banda la kubangua. Wakati huo korosho zilibanguliwa kwa mikono. Wanawake walikaa kwa mistari, kila mmoja na jiwe lake na kirungu chake cha mti, wamejipaka majivu mikononi kwa sababu maji ya ganda la korosho yanaunguza. Unaisimamisha korosho, unaigonga ubavuni, ganda linafunguka na kiini kinatoka kizima. Kizima ndicho kinachotafutwa. Kikivunjika kinakuwa kipande, na vipande havimtajirishi mtu. Dada alijifunza upesi. Vidole vyake vikawa vyeusi na ngozi ikachubuka kama ya wenzake, naye akavionea fahari. Akapanga chumba mtaa wa Chikongola, akanunua kitanda, akaanza kunitania kwamba mchuzi wangu hauna chumvi. Nilipoona amerudi kutukana mapishi yangu nilijua amepona kidogo.

Sasa kiwanda chenyewe. Kilikuwa mali ya kampuni ya nje, na sisi tuliitwa kampuni tanzu. Wao waliitwa kampuni mama. Kulikuwa pia na kampuni dada, zilizozaliwa na mama huyo huyo katika nchi nyingine. Familia kamili! Wanawake wa bandani walicheka sana nilipowaeleza. Mmoja akauliza, "Na baba yuko wapi?" Mwenzake akamjibu, "Amevuka mto." Kisha wote wakamkumbuka dada, wakainamia korosho zao. Dada ndiye aliyecheka, akasema huyo baba wa kampuni amekwenda kuvuna mpunga. Basi wakacheka tena.

Mama huyu alikuwa na desturi yake. Alikuwa na karakana yake mwenyewe huko kwao, inayotengeneza mashine, na kila mtoto alipaswa kula kilichopikwa jikoni kwa mama. Kununua mashine kwingine hakuna. Kununua hata bolti ya kuingia ndani ya mashine hiyo, hakuna, labda ipite kwao. Nilikuwa na faili zima la maneno hayo stoo. Kama duka la Dar lina chekeche nzuri, au kama kuna fundi hapa hapa anayeweza kuchonga kitu, hayo hayakuhusu. Teknolojia inatoka kwa mama. Ukichanganya, dhamana inakufa na wewe unaitwa kujieleza.

Mashine ya kubangua ikaletwa kabla ya msimu. Ilipokelewa vizuri, jamani, nani asiyependa kitu kipya? Tulifukiza ubani, tukasoma dua, wanawake wakapiga vigelegele ingawa walijua ile mashine imekuja kukalia mahali pao. Waliambiwa watahamishiwa kumenya ngozi ya ndani na kuchambua madaraja, na kwamba kazi itaongezeka, kwa sababu mashine itabangua nyingi kuliko mikono. Dada aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ndiyo, maana mashine ile ile ilikuwa inafanya kazi kwa kampuni dada huko Asia na ilikuwa inasifiwa kila mahali. Nilisoma sifa hizo mwenyewe.

Aliyekuja kuifunga alikuwa mhandisi wa kampuni mama, mtu mzima, mwenye kicheko cha karibu. Alikuwa ameishi pwani miaka mingi huko nyuma, na Kiswahili chake cha kusalimiana kilikuwa kitamu kuliko cha baadhi yetu. Alimaliza salamu zote, za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Alikula chikandanga, chakula chetu cha Kusini, kwa mkono akaomba tena. Nasema wazi kwamba tulimpenda, na mimi pia nilimpenda. Angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi.

Tatizo lilikuwa visu. Ndani ya mashine kuna visu vinavyokutana kukata ganda, na nafasi kati yake imepimwa. Kule kwa kampuni dada korosho ni za mashamba makubwa, miti ya mbegu moja, umri mmoja, kwa hiyo korosho zote zinalingana. Zetu zinatoka Nanyamba, zinatoka Kitaya, zinatoka kwenye mikorosho ya marehemu babu na mikorosho ya juzi, zote ndani ya gunia moja. Kubwa na ndogo zimelala pamoja. Kisu kilichopimwa kwa moja kinakata ya pili katikati ya kiini, na ya tatu kinaigusa tu ganda. Tulihitaji chekeche ya kuzitenga kwanza, na visu vya ukubwa mbalimbali. Basi. Kila mtu kiwandani aliliona hilo katika wiki ya kwanza. Halikuhitaji elimu, lilihitaji macho.

Na hapo ndipo Jumatatu zinapoingia. Kila Jumatatu asubuhi kulikuwa na mkutano wa simu wa matawi yote, nchi kadhaa, kila tawi na dakika zake chache. Sisi tulikaa watatu mbele ya simu ya spika. Meneja wetu, kijana wa bara mwenye haraka. Msimamizi wa zamu, mzee wa Mikindani, mtu wa kofia na manukato, aliyefanya kazi viwandani tangu vile vya serikali. Na mimi wa stoo. Tawi letu likifika, mhandisi, ambaye alikuwa amesharudi kwao na ndiye aliyeongoza mkutano, alikuwa anaacha Kiingereza kwa heshima yetu na kumwita msimamizi.

"Shikamoo mzee! Habari za mashine?"

"Marahaba. Nzuri, alhamdulillahi. Ila..."

"Safi sana!" anasema mhandisi. "Nawapenda watu wa Mtwara. Asanteni!" Na anakwenda tawi lingine.

Mara ya kwanza tulitazamana tukacheka. Mara ya pili meneja alijaribu kudakia, akakuta laini imeshahamia kwa wenzetu. Mara ya tatu nilimwambia msimamizi, kwa adabu niliyonayo, "Mzee wangu, leo anza na ila."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aingie msikitini na viatu. "Kumwambia mtu asubuhi asubuhi kwamba kitu chake kibaya? Kitu alichokuletea mwenyewe, akakifunga kwa mikono yake, akala na wewe? Sisi si watu wa hivyo, mwanangu. Atasikia. Mtu mzima husikia."

Mtu mzima hakusikia. Alikuwa amejifunza salamu zetu zote, ila hakuwahi kukaa nasi kwa muda wa kutosha kujua kwamba salamu si jibu.

Usidhani hatukuandika. Meneja aliandika ripoti kwa Kiingereza kizuri, na picha za viini vilivyokatwa. Ripoti zilikwenda idara ya ununuzi ya kampuni mama. Idara ikamuuliza mhandisi. Mhandisi akajibu, na jibu tuliletewa nakala yake, kwamba yeye huzungumza na watu wa zamu kila wiki, kwa lugha yao, nao humwambia mashine ni nzuri. Meneja aliisoma kwa sauti, akaikunja, akatoka nje. Alikuwa amefika Kusini hivi karibuni na sisi tulikuwa tumeshamzeesha.

Korosho nzima zikapungua. Vipande vikajaa mapipa. Kila mwezi kampuni mama ilitoa karatasi ya kupanga watoto wake kwa ufanisi, na sisi tulikuwa chini kabisa. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Mashine ni ile ile kila mahali, kwingine inafanya kazi, Mtwara haifanyi, basi kasoro ni Mtwara. Ukiwa mbali, hesabu hiyo inaonekana haina tundu. Kundi la kwanza la wamenyaji likaachishwa, maana vipande havihitaji mikono mingi. Dada hakuwamo. Siku hiyo alikuja kwangu na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, aliyonunua njiani, akakaa jikoni, akala mpaka ikaisha. Kisha akauliza, "Hivi kile chumba changu, mwenye nyumba akikitaka, nakwenda wapi?" Nikamwambia asifikirie mbali. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria huko huko.

Msimu wa pili meneja akachoka kuomba. Alichukua visu viwili stoo, akanisainia, akavipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Mikindani, akachongewa vya ukubwa mwingine. Chekeche tukaitengeneza wenyewe kwa wavu na mbao nyuma ya karakana. Hakumwambia mtu wa nje. Na ikafanya kazi, wallahi! Viini vikaanza kutoka vizima, wanawake wakaitana kutoka kwenye meza za kumenya waje waone. Dada aliniletea kimoja kwenye kiganja, amekishika kama yai, akaniambia, "Kiangalie hiki, kimezaliwa." Kwenye karatasi ya ufanisi tukapanda. Jumatatu hiyo mhandisi alifurahi mno. "Mnaona? Mashine imewazoea sasa!" Msimamizi akasema nzuri, alhamdulillahi, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na ila.

Ningependa kuishia hapo. Watu wanapenda hadithi ya fundi wa mtaani anayewashinda wenye viwanda, na mimi pia naipenda. Lakini chuma cha fundi kilikuwa chuma laini cha chakavu, ndicho alichokuwa nacho, na kisu kinachokata ganda la korosho kutwa nzima kinataka chuma kigumu. Baada ya muda ncha ikameguka. Kipande kikaingia kwenye korosho, kikapita meza zote, na mteja huko ng'ambo akakikuta ndani ya katoni. Mzigo wote ukarudishwa. Fundi hakukosea, alichonga alichoombwa. Meneja hakukosea sana. Aliyekuwa na chuma kigumu na tanuri la kukichoma alikuwa mama, na mama alikuwa ameambiwa kwamba mashine ni nzuri.

Meneja akahamishwa kabla hata hajaaga. Visu vya zamani vikarudishwa ndani. Chekeche yetu ikavunjwa mbele ya macho yangu na mbao zake zikawa kuni za mama lishe. Akaja kukaimu mtu wa hesabu, mpole, mwenye kuogopa simu. Na fununu ikaanza kwamba kundi la pili litaachishwa mwisho wa mwezi, na kwamba safari hii majina yatafika meza ya dada.

Dada hakuniuliza tena kuhusu chumba. Aliniambia tu kwamba ameota yuko mtoni, anafua, na maji yanashuka taratibu na nguo za shemeji. Alisema vile alivyokuwa akisema mambo ya kawaida, anachagua mawe kwenye mchele. Mimi nikaona giza. Nikasema Jumatatu hii, potelea mbali.

Simu ikalia. Matawi yakapita. Likafika letu. Msimamizi alikuwa na homa siku hiyo, hakuja, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti chake.

"Habari za mashine?" akauliza mhandisi kwa furaha yake ile ile.

"Mbaya!" nikasema.

Kaimu meneja alishika meza kwa mikono miwili. Upande wa pili sauti ya mhandisi ilipokuja ilikuwa imebadilika kabisa, ya mtu mwenye huruma ya kweli. "Pole sana, mama. Pole sana. Nani amefariki?"

Mnaona? Hilo alilijua. Alijua kwamba mtu wa kwetu hasemi mbaya hivi hivi.

"Mashine," nikamwambia. "Mashine ndiyo imefariki, na itatuzika sisi."

Akaangua kicheko. Alicheka kutoka moyoni, akadhani ni utani, akasema mama huyu wa Mtwara ananifurahisha, akawaeleza wenzake kwa Kiingereza nao wakacheka, nchi zote zile, kwa pamoja, kwenye spika yetu. Nilikuwa naongea. Nilikuwa nasema visu, nasema chekeche, nasema gunia moja lina korosho za kila aina. Kaimu meneja aliunyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kukata. Uoga wake tuliujua. Hata kumchukia sikuweza.

Msimamizi aliposikia alikuja nyumbani kwangu na homa yake. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, hata msibani tunasema nzuri. Leo umetuvua nguo mbele ya wageni."

"Wageni?" nikamwambia. "Mzee, wao ndio wenye nyumba. Wageni ni sisi."

Alikunywa maji niliyompa, akaniombea kheri, akaondoka. Tangu siku hiyo tuliendelea kusalimiana, lakini salamu zetu zilikuwa fupi.

Kampuni mama haikunyamaza, hapana. Ilijibu kwa haraka ambayo hatukuwahi kuiona kwenye oda yoyote ya spea. Iligundua kwamba tawi la Mtwara lina shida ya mawasiliano na moyo wa kazi, ikamtuma mkufunzi kutoka Dar es Salaam. Tuliomba visu, tukaletewa semina. Tulikaa kutwa nzima kwenye viti vya plastiki, dada mstari wa mbele, tunafundishwa mtazamo chanya. Tukaambiwa tusiseme tatizo, tuseme changamoto. Tusiseme imeshindikana, tuseme tunaendelea kuifanyia kazi. Mkufunzi alikuwa binti mzuri, mchangamfu, alituimbisha na kutupigisha makofi. Mwishoni kila mmoja akapewa fulana ya kijani iliyoandikwa TUNAWEZA. Akauliza, "Habari za semina?" Ukumbi mzima ukaitikia, "Nzuri!" Na mimi niliitikia. Ningefanya nini?

Kundi la pili halikuachishwa mwisho wa mwezi ule. Kampuni mama iliamua kulifunga tawi lote. Tangazo lilibandikwa getini Ijumaa baada ya swala, la maneno machache, likisema kwamba teknolojia bora imewekezwa Mtwara bila ufanisi uliotarajiwa, na kwamba kampuni itanunua korosho ghafi na kuzibangulia kwa kampuni dada. Yaani korosho za Nanyamba zitasafiri bahari nzima kwenda kuchanganywa na zile zinazolingana. Ukikaa getini wakati wa msimu unayaona malori yakitoka maghalani yakishuka bandarini, magunia juu mpaka kwenye turubai. Yanapita mbele ya kiwanda chetu bila kupunguza mwendo.

Nilimwambia dada ahamie kwangu. Nilimwambia nikimaanisha. Lakini kwangu ni vyumba viwili, na mama mkwe yumo, na dada anayajua macho ya mama mkwe. Alikaa kidogo, akawa anaamka wa kwanza, anafagia, anachota maji, anaosha hata vilivyo safi. Siku moja nikamkuta anafunga kile kitanda chake kwa kamba, akakiuze.

"Unakwenda wapi na kitanda?"

"Mgeni siku mbili," akasema, "siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimepitiliza, na jembe mjini halina pa kulima."

"Dada, ulisema Kitaya hurudi."

"Nilisema." Akakaza fundo. "Wengi wamerudi. Wanasema sasa kuna usalama. Shamba linaota majani, nani atalima? Na kama yule naye atarudi, atamkuta nani?"

Nilimsindikiza asubuhi mpaka kwenye gari. Alikuwa amevaa ile fulana ya kijani kwa sababu ilikuwa mpya kuliko nguo zake zote. Aliniambia niache kulia njiani, watu watadhani amekufa.

Mimi nilibakishwa kazini. Ndiyo, mimi mwenye mdomo. Walihitaji mtu mmoja wa kutunza stoo mpaka mashine ipate mnunuzi, na kaimu meneja alinitaja, nadhani kwa kusutwa na dhamiri. Kwa hiyo kila siku nafungua mlango, nafuta vumbi, nafunga mlango. Banda la kubangua limekuwa la popo. Mashine imefunikwa turubai. Mawe na virungu vya wale wanawake viko kwenye kona, hakuna aliyevitaka.

Mwezi uliopita likaja sanduku kutoka kwa kampuni mama, limepita bandarini, lina mihuri yote. Niliposoma nje yake kwamba ni visu, nikakaa juu ya ndoo. Nilifikiri, wamesikia. Kuchelewa wamechelewa, lakini wamesikia. Nikalifungua kwa nyundo. Vilikuwa visu vipya, vinang'aa, vimepakwa grisi, vimefungwa kimoja kimoja. Nikachukua kimoja, nikakilinganisha na cha zamani. Saizi ni ile ile. Ndani kulikuwa na karatasi inayosema kwamba kwa kuwa visu vilivyopo vimeripotiwa kufanya kazi vizuri, vimeletwa vingine vya aina hiyo hiyo. Niliviweka kwenye rafu yake. Ndiyo kazi yangu.

Jana nikampigia dada. Kule mtoni simu ni bahati nasibu, maana mtandao wa ng'ambo huumeza wa kwetu, na mara nyingi anayepokea ni mwanamke wa kurekodiwa, anaongea Kireno, sijui ananiambia nini. Nilipiga tena na tena nikiwa nimekaa stoo, mpaka dada mwenyewe akapokea.

"Habari za huko?" nikauliza.

"Nzuri."

Nikasubiri. Sisi wa huku tunajua kusubiri hapo. Nilimsikia anapumua, nilisikia kuku, nilisikia upepo kwenye simu yake. Laini ilikuwa haijakatika. Nikasubiri mpaka nikashindwa, nikamwambia, "Ila?"

"Ila nini?" akasema. "Nzuri tu, mdogo wangu."

Nikaziba simu kwa kiganja asisikie pumzi zangu. Nilitaka kumwuliza analala wapi, anakula nini, kama anakwenda mtoni, kama kuna mtu yeyote aliyevuka na salamu. Hajawahi kunificha ila yake tangu nikiwa mtoto. Mbele yangu vile visu vilikuwa vimepangwa kwenye rafu, na grisi yake.

"Na wewe je?" akauliza, na nikasikia kwamba anajaribu kunitania, kama zamani. "Habari za mashine?"

"Nzuri," nikamwambia.